Mkono uliozoea mpingo: uchambuzi wa kisa cha mchongaji aliyejifunza kuchonga viko

Usuli

Mchongaji wa kisa hiki tutamwita Fundi. Amechonga mpingo kwa zaidi ya miaka kumi katika karakana ndogo kaskazini mwa Tanzania: vinyago, vichwa vya wanyama, miiko ya saladi, fimbo. Kazi yake huuzwa bila kusitasita. Karakana ilipopata oda ya viko vya tumbaku kutoka kwa mnunuzi wa nje, msimamizi hakuwaza mtu mwingine.

Oda ilikuwa ya viko vitano vya umbo la biliadi (bori la wima lenye shingo iliyonyooka), vyote sawa kwa sawa, kwa ajili ya kuuzwa kama seti. Mnunuzi alileta vipande saba vya briari na midakale (mirija ya kuvutia) saba ya ebonaiti, yaani mpira mgumu, iliyokwisha tengenezwa, ulimi wake, yaani ncha inayoingia kwenye mti, ukiwa tayari na kipenyo cha mm 8. Briari ni kivimbe kinachoota kwenye mzizi wa kichaka cha Erica arborea. Kichaka hicho humea pia kwenye milima yetu ya Afrika Mashariki, lakini vivimbe vya biashara huchimbwa nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, huchemshwa kwa saa nyingi kutoa utomvu na tanini, kisha hukaushwa kwa miezi kabla ya kuuzwa. Kila kipande kilichofika kilikuwa na urefu wa mm 95, kimo mm 60 na unene mm 42. Vipande viwili vilikuwa vya akiba.

Kuhusu majina ya sehemu: kiko cha maji cha pwani kilikuwa na bori la kuwekea tumbaku, digali la kushushia moshi kwenye kifuu chenye maji, na mdakale wa kuvutia. Humu tumekopa bori na mdakale. Sehemu ya mti inayotoka kwenye bori kwenda kupokea mdakale tunaiita shingo. Ndani ya bori mna shimo la tumbaku, ndani ya shingo mna tundu la ulimi, na kati ya hivyo viwili hupita njia ya moshi.

Vipimo alivyotaka mnunuzi ni hivi. Bori: kimo mm 46, unene mm 34 penye tumbo, mm 31 mdomoni. Shimo la tumbaku: kipenyo mm 20, kina mm 38. Shingo: urefu mm 42, unene mm 15. Tundu la ulimi: mm 8 kwa kina cha mm 18. Njia ya moshi: mm 4. Pamoja na mdakale kiko kinafika kama mm 142, na uzito uliotakiwa ni chini ya gramu 40.

Biliadi ni umbo la kawaida kabisa. Mtoto akiambiwa achore kiko, atachora biliadi. Ndiyo maana ni gumu. Halina pambo la kuficha kosa, na jicho la mvutaji linalijua hata kama mwenyewe hawezi kueleza.

Viko vitatu vya kwanza

Kiko cha kwanza Fundi alikichonga kama anavyochonga kichwa cha twiga: kutoka nje kuingia ndani. Alitoa umbo kwa tezo na patasi, akalainisha kwa tupa, na kufikia jioni ya siku ya pili alikuwa na kitu kinachofanana na kiko, ila hakikuwa na tundu hata moja. Ndipo alipokipeleka kwenye mashine ya kutoboa.

Mti uliokwisha viringwa hauna uso bapa wa kushikwa na jiliwa. Aliufunga kwa vitambaa na vipande vya mpira, ukasogea kidogo keekee ilipogusa. Ukuta wa bori ukawa mm 3.5 upande mmoja na karibu mm 8 upande wa pili. Njia ya moshi iliingia mm 5 juu ya sakafu ya shimo badala ya kuigusa. Kiko cha namna hiyo huacha tumbaku mbichi chini, unyevu hukusanyika hapo, na ukuta mwembamba huungua. Kilitupwa.

Patasi nayo iliacha alama yake. Mpingo unakubali pigo kali ukifuata nyuzi zake. Nyuzi za briari zimejisokota, na ukipiga patasi kwa nguvu kipande hung'oka kutoka mahali usipokusudia. Briari hutakiwa msumeno, kisha tupa, kisha msasa. Patasi ina kazi ndogo sana humo.

Kiko cha pili kilitobolewa kwanza, kipande kikiwa bado cha mraba. Matundu yote yalikaa sawa. Lakini Fundi, akiwa na hofu ya ukuta mwembamba, aliacha mti mwingi: bori mm 41, shingo mm 19. Uzito ulikuwa gramu 52. Msimamizi alikitazama akasema kinafanana na nyundo, asiweze kusema kwa nini.

Kiko cha tatu kilikuwa jibu la aibu ya nyundo. Fundi alipunguza, akapunguza. Shingo ilishuka hadi mm 11.5, wakati ndani yake mna tundu la mm 8. Ukuta uliobaki ni mm 1.75. Mdakale uliposukumwa ndani mara ya tatu, shingo ikapasuka kwa urefu.

Vipande vinne vilibaki, oda ikiwa ya vitano.

Uamuzi

Njia zilikuwa nne. Ya kwanza ilikuwa kumrudishia mnunuzi vipande vilivyobaki na kukubali hasara. Ya pili, kumwomba abadilishe umbo, achongewe viko vyenye vichwa vya simba na tembo, kazi ambayo Fundi anaijua akiwa usingizini. Ya tatu, kukereza bori kwenye mashine na kumwachia Fundi shingo tu. Ya nne, kusimamisha kazi na kumfundisha vipimo upya kwa mti wa bei nafuu.

Vichwa vya simba vilivutia, na karakana nyingi zingefuata njia hiyo. Msimamizi aliikataa kwa sababu ya kiufundi: bori lenye nakshi nzito huwa na ukuta usio sawa, na ukuta usio sawa hupata joto lisilo sawa. Kukereza kulikataliwa kwa sababu mashine ya karakana haikuwa na kishikio cha kuzungushia kipande chenye shingo inayotoka ubavuni. Kutengeneza kishikio hicho kungechukua muda mrefu kuliko mafunzo.

Walichagua njia ya nne. Oda ilipunguzwa kwa makubaliano hadi viko vitatu, kipande kimoja kikabaki cha akiba. Jambo la pili lililoamuliwa siku hiyo lilikuwa dogo kwa sura lakini zito kwa matokeo: Fundi alikuwa analipwa kwa kiko, na kwa wiki mbili hizo akahamishiwa malipo ya siku. Mtu anayelipwa kwa kipande hawezi kujifunza kupima. Kila dakika ya kupima ni hela inayomtoka.

Kwa nini kile cha pili kilikuwa nyundo

Hapa ndipo kisa kina mafunzo mengi, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Msimamizi alianza kwa kukagua uwiano wa shingo na bori. Katika mchoro, 15 kwa 34 ni asilimia 44. Katika kiko cha pili, 19 kwa 41 ni asilimia 46. Karibu sawa! Kama uwiano huo ndio siri, kiko cha pili kingependeza. Hakikupendeza.

Tatizo la kwanza ni kimo. Shimo lilikuwa limekwisha tobolewa kwa kina cha mm 38, kwa hiyo kimo cha bori kilibaki mm 46 na hakikuweza kukua. Unene ndio uliokua peke yake. Bori la mchoro lina kimo mara 1.35 ya unene. Bori la pili lilikuwa mara 1.12. Katika kiwango hicho biliadi huacha kuwa biliadi na kuwa umbo fupi la sufuria, ambalo lina heshima yake, ila si lililoagizwa.

Tatizo la pili ni kidevu. Sakafu ya shimo iko mm 8 juu ya kitako cha bori. Njia ya moshi, yenye kipenyo cha mm 4, hulala juu ya sakafu hiyo, kwa hiyo katikati yake iko mm 10 juu ya kitako. Shingo nayo huviringwa kuizunguka njia ya moshi. Shingo ya mm 15 inashuka mm 7.5 chini ya katikati. Panabaki mm 2.5 za bori zinazoning'inia chini ya mstari wa shingo. Hizo mm 2.5 ndizo kidevu cha kiko, na ndizo zinazoliambia jicho kwamba bori na shingo ni viungo viwili. Shingo ya mm 19 inashuka mm 9.5. Kidevu kinabaki nusu milimita, yaani hakuna. Bori na shingo vinakuwa gogo moja lililopindwa, na gogo lililopindwa lenye kichwa kinene ni nyundo.

Kiko cha tatu kilikosea upande wa pili. Shingo ya mm 11.5 iliacha kidevu cha mm 4.25, na bori likaning'inia kama rovu hata kabla shingo haijapasuka.

Tatizo la tatu ni uzito. Milimita 7 za ziada katika kipenyo zinaonekana kidogo kwenye rula. Lakini eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo: kutoka 34 hadi 41 ni ongezeko la asilimia 45 ya eneo, na mti huo wote wa ziada hubebwa na meno ya mvutaji.

Na hapa ndipo mkono wa mpingo ulipomponza Fundi. Mpingo huzama majini. Uzito wake ni zaidi ya gramu 1.2 kwa sentimita ya ujazo. Sokoni, uzito ni ushahidi. Mnunuzi anayejua huinua kinyago kwanza, maana mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu hujulikana kwa kiganja kabla ya macho. Kwa miaka yote hiyo kiganja cha Fundi kilikuwa kimefundishwa kwamba kitu kizito ni kitu halali, na kiko chepesi kilipokuwa mkononi mwake kilimwonea kama udanganyifu. Hakuna mchoro ungeweza kumrekebisha hilo. Kilichomrekebisha ni kushika viko viwili vizuri vya mtu mwingine, kuvibana kwenye meno bila kuviwasha, kisha kubana kile cha gramu 52.

Mafunzo ya wiki mbili

Siku mbili za kwanza hapakuwa na mti. Fundi alichora kwenye karatasi ya mraba, kwa ukubwa halisi, kwa mpangilio ambao haukubadilishwa: kwanza shimo la tumbaku, 20 kwa 38, kitako chake kikiwa cha duara kama kijiko. Kisha mstari wa njia ya moshi ukigusa sakafu hiyo. Kisha tundu la ulimi. Baada ya hapo ndipo mti huwekwa kuzunguka matundu: mm 7 kila upande penye tumbo, mm 5.5 mdomoni, mm 8 chini, mm 3.5 kuzunguka tundu la ulimi. Mwisho, mdakale, halafu mikunjo ya kuunganisha. Mchongaji wa vinyago huona umbo ndani ya gogo na kutoa kisichotakiwa. Mchongaji wa kiko huona matundu na kuyavisha mti.

Mchoro uliokubalika ulikatwa kwenye kadi ngumu. Kadi moja ilikuwa ya ubavu mzima. Nyingine ya nusu tu ya bori, iliyokatwa kwenye mstari wa katikati. Hiyo ya nusu ndiyo yenye kazi: inawekwa kulia, inageuzwa kushoto, na mwanga unaopita kati ya kadi na mti huonyesha upande uliobaki mnene.

Mazoezi yalifanywa kwa mgrevilea, vipande vinane. Makosa mapya yalijitokeza. Vitatu vya mwanzo vilipatana na kadi vizuri ubavuni, lakini ukivitazama kwa juu bori lilikuwa mraba uliochakaa kona. Kadi hupima ubavu tu. Tiba ilikuwa kupita kwenye pembe nane: kipande cha mraba wa mm 34 kinawekwa alama mm 10 kutoka kila kona, kona hizo zinakatwa hadi kwenye alama, na unapata pande nane zinazolingana. Kisha pembe nane hizo zinapunguzwa kuwa kumi na sita, na kuanzia hapo tupa inazunguka bila kusimama. Shingo ya mm 15 inafuata njia hiyo hiyo, alama zikiwa mm 4.4 kutoka kona. Upande wa nyuma wa bori, shingo inapotokea, pembe hazikamiliki. Hapo hufanywa kwa jicho, na hapo ndipo kazi ya Fundi ilikuwa nzuri tangu mwanzo.

Kosa lingine lilikuwa maungio ya bori na shingo. Tupa ya duara ya mm 10 ilichimba mfereji unaozunguka shingo kama alama ya kamba. Iliondolewa mezani. Badala yake alitumia tupa ya nusu duara kwa kuiviringisha huku akiisukuma, na kumalizia kwa ukanda wa msasa uliozungushiwa kijiti cha mm 12.

Kivuli kilisaidia kuliko ilivyotarajiwa. Balbu moja nyuma, kiko mbele ya ukuta mweupe, kichwa chini. Kikiwa kimegeuzwa, jicho husahau kwamba ni kiko na kuona mistari tu. Nundu iliyojificha kwa siku nzima hujitokeza mara moja.

Vipande vinne vya mwisho

Utaratibu wa briari ulikuwa hivi. Kipande kinapigwa msasa mpaka nyuso mbili za ubavu ziwe sambamba na uso wa mwisho wa shingo uwe wima kabisa kwa mstari wa njia ya moshi. Mchoro unahamishiwa ubavuni. Tundu la ulimi linatobolewa mm 18, jiliwa halifunguliwi, keekee ya mm 4 inaingia humo humo hadi mm 59 kutoka mwisho wa shingo, yaani mm 42 za shingo na nusu ya unene wa bori. Keekee ndefu nyembamba hupenda kupotea njia, kwa hiyo ilitolewa kusafishwa unga kila mm 5. Shimo la tumbaku lilifuata kwa keekee bapa iliyonolewa mviringo. Baada ya hapo msumeno ulitoa vipande vikubwa, na mdakale ukaingizwa mahali pake. Tangu hatua hiyo haukutolewa tena mpaka msasa wa namba 220.

Hilo la kutotoa mdakale lina sababu. Shingo na mdakale vikipigwa msasa kila kimoja peke yake, kingo zote mbili hulika, na penye kiungo panabaki mfereji ambao ukucha huuhisi. Ulimi nao uliachwa mm 17.5 kwa tundu la mm 18, ili mabega ya mdakale yakutane na shingo kabla ncha haijagota.

Tupa ilisimama nusu milimita kabla ya kipimo, maana msasa wa 120, 220 na 400 nao hula. Kiko cha nne kilipita hapo kidogo: tumbo lilimalizikia mm 33.6. Kilikubalika.

Kiko cha tano kilionyesha kishimo kidogo cha mchanga ubavuni mwa bori, ukubwa wa kichwa cha pini. Fundi alikifukuza kwa msasa. Kikaendelea. Alipokifikia mwisho wake alikuwa ametoa mm 1.5 upande mmoja, na kadi ya nusu ilionyesha mwanga mpana. Vishimo vya namna hiyo ni tabia ya briari. Huachwa, hujazwa, au bori zima huchongwa mikwaruzo. Kufukuza kishimo kimoja ni kuuza umbo lote kwa ajili ya doa. Kiko hicho kilibaki karakana kama sampuli.

Cha sita na cha saba vilienda bila tukio. Rangi ya spiriti na nta ya kanauba havikuleta shida yoyote. Kung'arisha ni kazi anayoimudu kila mchonga mpingo.

Matokeo

Viko vitatu vilipelekwa. Tumbo la bori lilikuwa kati ya mm 33.6 na 34.3, uzito kati ya gramu 34 na 37. Kiko cha pili kilichukua saa 19, cha saba saa 9. Mnunuzi alivipokea vyote, akatoa lawama moja: ukingo wa mdomo wa bori ulikuwa umelazwa kwa pembe tofauti katika kimoja, jambo lililoonekana vilipopangwa pamoja.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kosa kubwa halikuwa la Fundi. Lilikuwa la kumkabidhi mtu hodari vipande saba vya gharama bila jaribio hata moja la mti wa bure, kwa kudhani ustadi ni mmoja. Vipande vitatu vya briari vililipa ada ambayo vipande vinane vya mgrevilea vingeilipa.

Mchoro wa mnunuzi nao ulikuwa na upungufu. Ulitoa vipimo vyote vya nje na vya ndani, lakini haukuonyesha mahali vinapokutana. Kidevu cha mm 2.5 hakikuandikwa popote. Kilitokana na hesabu. Kipimo kinachotokana na vingine ndicho kinachoharibika kwanza, kwa sababu hakuna anayekilinda.

Kadi ya nusu, pembe nane na malipo ya siku vilifaa. Kupima uzito kila hatua kwa mizani ya jikoni kulifaa kwa Fundi huyu hasa, kwa sababu kulipingana moja kwa moja na kiganja chake. Kwa mwanafunzi asiyewahi kushika mpingo pengine isingekuwa na maana kubwa.

Siku ya kwanza ya mgrevilea ilipotea bure. Vipande viwili vilichongwa bila kutobolewa, eti ili kuzoea umbo kwanza. Vilimrudisha Fundi kwenye tabia ile ile ya kutoka nje kwenda ndani, na ikabidi aanze upya siku iliyofuata. Mdomo wa bori haukuwa na kadi wala kipimo cha pembe, na ndiyo lawama iliyorudi. Kwa oda iliyofuata karakana ilikata kipande cha bati chenye pembe hiyo, na kukitundika pamoja na kadi nyingine.